Mantiki na Jamvi la Matanga
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Kamati imetutaka tuseme machache juu ya hoja iliyoachwa bila kuamuliwa katika mkutano uliopita, nasi twaishukuru kwa heshima hiyo. Wale ambao hawakuhudhuria siku ile yafaa waelezwe habari yenyewe. Mwanachama mmoja, kijana mwenye elimu na ufasaha, alisimama akataka Chama kiandike sheria hii: kwamba mwanachama akifiwa, wenziwe wasiende tena kukaa matanga, bali Katibu apeleke barua moja ya rambirambi kwa niaba ya wote, na Mtunza Fedha apeleke ubani kwa hawala ya posta. Sababu zake alizieleza kwa hesabu. Watu 40 wakiketi jamvini siku 3, alisema, ni siku 120 za kazi zilizopotea. Ongeza nauli, ongeza mchele na kuni, ongeza deni atakalobaki nalo mfiwa baada ya wageni kuondoka. Kisha fungua upande wa pili wa daftari uandike faida. Maiti hafufuki. Mfiwa haongezewi hata senti moja. Basi, akauliza, mtu mwenye akili aweza kuitetea desturi hii kwa hoja gani?

Hakuna aliyejibu. Vijana walipiga makofi. Wazee walinyamaza, si kwa kuwa wamekubali, bali kwa kuwa jibu walilokuwa nalo halikuwa na umbo la hoja, nao waliona haya kulitoa mbele ya watu waliozoea kushindana kwa hoja. Giza likaingia, mkutano ukafungwa.

Twapenda kusema mapema kwamba hesabu ya ndugu yetu haina kosa. Arobaini mara tatu ni mia na ishirini, hapana ubishi. Tena katika jambo la deni ana haki kabisa, nasi tutalirudia. Walakini sisi ni makarani, na kila karani aliyepata kukaguliwa hujua kwamba leja yaweza kulingana pande zote mbili mpaka senti ya mwisho, na bado isiwe ya kweli. Yawezekanaje? Yawezekana kwa sababu hati moja haikuletwa mezani. Mkaguzi aliye hodari hatazami jumla peke yake. Huuliza, Ni nini ambacho hakikuandikwa? Na swali hilo halijibiwi kwa kujumlisha upya, hata ukijumlisha mara mia.

Mantiki ni elimu ya kutoa neno la mwisho katika maneno yaliyokwisha kukubaliwa. Wanadamu wote hufa. Juma ni mwanadamu. Basi Juma atakufa. Tangu zamani za Aristotle hoja ya namna hii imesimama imara, wala hakuna atakayeibomoa. Lakini mpelekeeni mke wa Juma asubuhi ile mumewe alipokata roho. Je, mmempa habari asiyokuwa nayo? Alijua siku zote kwamba wanadamu hufa. Alijua kwamba Juma ni mwanadamu, maana ndiye aliyempikia na kumfulia. Hakukosa hata kipande kimoja cha hoja, na hoja nzima haimsaidii kuinuka pale alipoketi. Basi tusidhani kwamba analia kwa kutojua mantiki.

Wenzetu tuliosoma shule za misheni tunakumbuka habari za Ayubu. Rafiki zake watatu, Elifazi na Bildadi na Sofari, walipomwona katika hali ile, walipasua mavazi yao, wakaketi naye chini siku 7, mchana na usiku, wala hapana aliyemwambia neno. Twaona kwamba katika kitabu kile chote hawakutenda jambo jema kuliko hilo. Siku ya nane wakaanza kutoa hoja. Na hoja yao ilikuwa na umbo zuri sana: Mungu ni mwenye haki, humwadhibu mwenye dhambi, Ayubu anateswa, basi Ayubu ametenda dhambi iliyofichika. Waliirudia kwa ufasaha, kila mmoja kwa zamu yake, na kila waliporudia walizidi kumchoma yule mtu kidonda juu ya kidonda. Mwisho wa habari Mungu akawakasirikia wao, si Ayubu aliyepiga kelele na kulalamika. Nasi twaliona jambo moja la ajabu: hawakushitakiwa kwa zile siku 7 za kuketi bure.

Hayo ni ya Maandiko, na yamkini ndugu yetu atasema kwamba wazee wa kale hawakujua hesabu. Basi twamletea mtu ambaye hakuna awezaye kumwita mjinga wa mantiki, tena alikuwa karani kama sisi. Jina lake ni John Stuart Mill.

Alizaliwa London mwaka 1806. Baba yake, James Mill, hakumpeleka shule. Alimfundisha mwenyewe nyumbani. Kiyunani alikianza akiwa na miaka 3, Kilatini akiwa na miaka 8, na elimu ya mantiki akiwa na miaka 12. Asubuhi kabla ya chakula walitembea pamoja, mtoto akieleza aliyoyasoma jana yake, na baba akimwuliza maswali. Hakuruhusiwa kulimeza neno kwa kuwa limesemwa na mkubwa. Ilimpasa alichambue mpaka alione shina lake. Twakiri kwamba wengi wetu tungefurahi kupata mwalimu wa namna hiyo. Kitu kimoja tu kilikosekana katika malezi yale, na Mill mwenyewe alikitaja alipoandika habari za maisha yake: upole wa baba kwa wanawe.

Mwezi wa Mei 1823, siku moja baada ya kutimiza miaka 17, aliingia kazini katika nyumba kuu ya Kampuni ya East India huko London, chini ya baba yake, akajifunza kutunga nyaraka za kupelekwa Bara Hindi. Alikaa katika kazi hiyo miaka 35, hata mwaka 1858, Kampuni ilipoondolewa utawala wa nchi ile. Na hapa mtusamehe tukiacha njia kidogo. Baba na mwana walishiriki kuwatawala mamilioni ya watu kwa kalamu, na hapana hata mmoja wao aliyepata kukanyaga Bara Hindi. Baba aliandika historia kubwa ya nchi hiyo, iliyochapishwa mwaka 1817, na katika dibaji yake alidai kwamba kutofika huko hakukuwa upungufu: mtu aliyeketi chumbani mwake Uingereza na karatasi zake aweza kupata ujuzi mwingi zaidi kwa mwaka mmoja kuliko aliyekaa huko maisha yake yote akitumia macho na masikio. Na mwana, katika kitabu chake mashuhuri juu ya uhuru, cha mwaka 1859, aliandika kwamba kanuni aliyoitetea kwa nguvu namna ile haikuwahusu watu wa nchi alizozihesabu kuwa changa bado. Sisi ambao tumepata kupokea nyaraka za amri zilizotungwa na watu wasioijua hata njia ya kufika wilayani kwetu, hoja hizo twazijua kwa matunda yake. Haya, turudi.

Rafiki mkubwa wa baba yake alikuwa Jeremy Bentham. Bwana huyu alifundisha, katika kitabu kilichotoka mwaka 1789, kwamba raha na uchungu vyaweza kupimwa: nguvu yake kiasi gani, muda wake, uhakika wake, ukaribu wake, kitazaa raha nyingine au la, kitawafikia watu wangapi. Pima yote, jumlisha, kisha toa. Nalo litakalobaki na jumla kubwa ndilo jema. Kijana Mill aliyashika mafundisho haya kama mtu ashikavyo dini. Ndugu yetu aliyetuletea hesabu ya siku 120, ajapokuwa hakumtaja Bentham, alikuwa ameketi kwenye benchi la darasa lake.

Sasa sikilizeni yaliyompata Mill. Katika majira ya vuli ya mwaka 1826, akiwa na miaka 20, alijiuliza swali moja. Tuseme mageuzi yote aliyoyatamani katika sheria na katika mawazo ya watu yatimizwe saa hii hii: je, angeona furaha kubwa? Na ndani yake likatoka jibu wazi kwamba hangeiona. Palepale msingi wote wa maisha yake ukadidimia. Angalieni vema, mabwana: hakuna hatua hata moja ya hoja zake iliyoonekana kuwa na kosa. Manufaa ya watu wengi yalikuwa mema leo kama yalivyokuwa jana. Kila alichokithibitisha kilikuwa kingali kimethibitika. Lakini mwenye hoja alikuwa hana tena hamu ya kile alichokithibitisha, na katika vitabu vyote vya mantiki alivyovisoma hapakuwa na ukurasa wa kuonyesha jinsi hamu inavyotolewa katika hoja.

Aliendelea na kazi yake kama saa iliyokwisha kutiwa ufunguo. Alikwenda ofisini, akaandika, akarudi. Kulala hakukumwondolea kitu. Aliamka, na mzigo ukaamka pamoja naye. Hakumwambia mtu. Baba yake, ambaye ilikuwa desturi yake kumwendea kwa kila shida ya akili, alikuwa mtu wa mwisho ambaye angemwendea kwa shida hii. Hata muziki, alioupenda tangu utoto, ulimgeukia ukawa hesabu: alifikiri kwamba sauti za oktava ni chache, na njia za kuzipanga zina mwisho, basi yamkini nyimbo nzuri zitaisha duniani! Sisi twacheka, ijapokuwa tumewaona watu wazima wakiharibu karamu ya harusi kwa hesabu zisizopita hiyo kwa busara.

Alitokaje? Ilipata kama nusu mwaka tangu kuanza kwa giza lile, naye alikuwa akisoma kitabu cha Mfaransa mmoja, Marmontel, aliyesimulia maisha yake mwenyewe. Akafika mahali ambapo mwandishi aeleza kifo cha baba yake: nyumba nzima imo katika huzuni, na yeye, kijana tu, aona kwa ghafula kwamba atakuwa kila kitu kwa mama na ndugu zake, atasimama mahali pa yote waliyoyapoteza. Mill aliposoma hapo machozi yakamtoka. Tangu saa ile mzigo wake ukawa mwepesi, maana alijua kwamba moyo wake haujafa. Basi kilichomfungua mwanafunzi yule wa mantiki hakikuwa hoja yenye nguvu kuliko zile za kwanza. Kilikuwa habari ya msiba, na mtu aliyekuja kusimama karibu na waliofiwa. Kwa maneno yetu, alipona jamvini.

Mwaka 1828 alianza kusoma mashairi ya Wordsworth, yasemayo juu ya milima na mito na watu wa shamba, na hayo nayo yakamlisha. Lakini asije mtu akasema kwamba aliitupa mantiki. Mwaka 1843 alitoa kitabu chake kikubwa, na kitabu hicho ni cha nini? Ni cha mantiki, tena kilitumika vyuoni kwa miaka mingi. Alichokigundua ni kwamba tabia ya kuchambuachambua, ikiachwa peke yake, hula maono ya moyo kama mchwa alavyo nguzo, nyumba ikionekana nzima kwa nje. Basi ni lazima moyo nao ulimwe na kutiliwa maji. Sisi twaongeza kwamba kazi ya ofisi ina mchwa huo. Mtu ashindaye kutwa akisoma majina ya watu kama namba za majalada, huyu amestaafu, yule amehamishwa, yule mwingine amefariki, funga jalada, hana budi kuangalia anarudi nyumbani na macho ya namna gani.

Wenzetu Waislamu wanaye mtu wao wa kutolea ushuhuda, tena aliyetangulia miaka mia saba. Imamu Abu Hamid al-Ghazali alizaliwa Tus, nchi ya Uajemi, mwaka 1058, na mwaka 1091 akawekwa kuwa mwalimu mkuu wa madrasa ya Nizamiyya huko Baghdad, cheo kilichotamaniwa na wanachuoni wote. Yeye mwenyewe amesimulia jinsi alivyopata kuingiwa na shaka juu ya kila kitu, hata juu ya macho yake na juu ya hesabu nyepesi, kwa muda wa karibu miezi 2. Akatafuta dalili ya kuiondoa shaka hiyo, na akaona kwamba njia imefungwa. Maana kila dalili hujengwa juu ya maneno ya kwanza yaliyokubaliwa, na yeye maneno ya kwanza yenyewe ndiyo aliyoyatilia shaka. Shaka ile iliondoka, asema, si kwa kupanga hoja, bali kwa nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitia kifuani mwake. Miaka ilipopita, mwaka 1095, akiwa katika kilele cha sifa yake, ulimi wake ulikataa kufundisha na chakula kikakataa kupita. Akaacha cheo na mali, akaenda Sham na Baitul Mukaddas na Makka. Na mtu huyu huyu ndiye aliyewakemea vikali wale wanaodhani kuwa wanaisaidia dini kwa kuikana hesabu, kama kukana elimu ya kupatwa kwa jua na mwezi. Aliwaita rafiki wajinga wa dini. Kwake hesabu ilikuwa kweli katika mahali pake.

Neno hilo, mahali pake, ndilo lituletalo upande wa pili wa mpaka, na hapa twawaomba wazee wetu watuvumilie. Ikiwa hoja haina ruhusa ya kumhukumu mwenye kulia, basi vilevile kilio hakina ruhusa ya kutoa hukumu juu ya mambo yaliyotendeka. Katika nchi ya Usukuma vikongwe wengi wameuawa kwa mapanga kwa kuwa walikuwa na macho mekundu. Mtoto amekufa, au ng'ombe wamekufa, au mvua haikunyesha. Moyo wachemka, wauliza, Ni nani? Na jirani akaonyeshwa bibi mwenye macho mekundu. Macho yale aliyapata kwa kuinama miaka 50 juu ya moshi wa jikoni, akiwapikia watoto, na labda akimpikia na huyo aliyeshika panga. Hapo mabwana, mantiki ndiyo huruma. Hapo mtu mmoja mwenye kuuliza kwa utulivu, Umejuaje? Nani aliona? Wapikaji wangapi wa umri wake wana macho meupe?, aweza kuokoa roho ya mtu. Moyo haujui ni nani aliyeua. Wajua tu kwamba unauma.

Hivyo twaona kuna maswali ya namna mbili, na twayachanganya kwa hasara yetu. Kuna swali liulizalo ni nini kilichotokea, kiasi gani, kwa sababu gani; hilo lipelekeni kwa mizani na ushahidi, na anayelia asikalie kiti cha hakimu. Na kuna kile ambacho hata si swali, ijapokuwa kina sura ya swali. Mama aliyefiwa na mwanawe husema, Kwa nini? Kwa nini mimi? Tumepata kuhudhuria msiba mahali fulani, ambapo baba wa mtoto alisema maneno hayo, na rafiki yake mmoja, mtu aliyesoma sana, akamjibu kwa kumweleza homa ile inavyoingia mwilini, na watoto wangapi huipata, na kwa nini dawa ilichelewa kufanya kazi. Yote yalikuwa kweli. Baba yule alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akamgeukia mzee mmoja asiyejua kusoma, aliyekuwa ameketi upande wake wa kushoto tangu alfajiri bila kusema neno, akamshika mkono. Uchungu wa mwana aujua mzazi, na yule mzee alikuwa amezika watatu.

Sasa tuitazame hoja iliyo mbele yetu. Ndugu yetu aliandika katika daftari lake nauli na mchele na kuni na siku za kazi, kwa kuwa hivyo vina bei. Lile tendo la mzee yule hakuliandika. Hatusemi kwamba alilidharau. Halikuwa na safu. Daftari la safu mbili halina mahali pa kuandikia mtu aliyeketi. Na kitu kisichokuwa na safu, mtunza daftari humaliza kwa kusema kwamba hakipo. Hapo ndipo tunapotengana naye. Angesema, Kuna jambo hapa ambalo hesabu yangu haikulifikia, tungempa mkono. Lakini alisema kwamba lisilofikiwa na hesabu yake halina faida, na neno hilo halikutoka katika hesabu hata kidogo. Alilitia mwenyewe mwanzoni, kimyakimya, kisha akalitoa mwishoni kana kwamba limethibitishwa.

Juu ya deni ameshinda, nasi twataka ushindi wake uandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Ni aibu kwa watu wenye mshahara kwenda kumpa pole mwenzao, wakamla mchele, wakamla kuku, kisha wakamwacha akikopa kwa muuza duka hata mwisho wa mwaka. Mlaji wa namna hiyo hana hoja wala hana moyo. Basi twapendekeza hoja ibadilishwe hivi. Wanachama wanaokwenda matangani wachukue chakula chao, unga na mchele na sukari, wakakabidhi kwa wanawake wa nyumba ile kabla ya kuketi. Ubani wa Chama utangulie, uletwe siku ya kwanza, pesa zinapohitajiwa kwa sanda na kaburi, wala usingoje kikao cha Kamati. Walio zamu kazini wabaki kazini bila kulaumiwa, na waende jioni. Hakuna haja ya wote 40 kukaa siku zote 3, bali wapeane zamu, asikose kuwapo mtu hata usiku. Na barua ya rambirambi iandikwe, naam, lakini iandikwe kwa mkono, na mtu aliyemjua marehemu. Tumepata kuonyeshwa barua moja ya rambirambi kutoka kwa ofisi fulani, iliyopigwa chapa tayari, na pengo limeachwa kwa kutia jina. Na lile pengo lilitiwa jina la mfiwa mahali pa jina la maiti.

Kama ndugu yetu bado atauliza faida yenyewe ni nini, ya kuketi pamoja na mtu ambaye huwezi kumrudishia alichopoteza, sisi hatuna hoja ya kumpa. Tuna habari moja tu iliyobaki juu ya yule karani wa London.

Mill alimpenda mwanamke mmoja, Harriet Taylor, kwa miaka 20 na zaidi, nao wakaoana mwaka 1851. Mwezi wa Novemba 1858, katika mwaka ule ule alioacha kazi ya Kampuni, walipokuwa safarini kuelekea kusini, mkewe alishikwa na ugonjwa wa mapafu, akafa katika hoteli ya mji wa Avignon, nchi ya Ufaransa, akazikwa huko. Mill alikuwa na miaka 52, mwandishi wa mantiki aliyejulikana Ulaya nzima. Alinunua nyumba ndogo karibu na makaburi ya mji ule, mahali ambapo aliweza kuliona kaburi. Akanunua na vyombo vya chumba kile cha hoteli alimofia mkewe, akaviweka ndani ya nyumba hiyo. Kwa miaka iliyobaki aligawa mwaka wake, sehemu Uingereza na sehemu huko. Alichaguliwa kuingia Bunge mwaka 1865, akatoka mwaka 1868, na kila alipopata nafasi alirudi Avignon kwenye nyumba ile. Huko ndiko alikofia mwezi wa Mei 1873, akazikwa katika kaburi lile lile.

Bwana Mwenyekiti, hoja pamoja na mabadiliko yake tumeiweka mezani. Tunaomba iamuliwe leo kabla ya giza, maana mwenzetu mmoja amepata habari ya msiba asubuhi hii, na wako watu mlangoni wanaongoja kujua kama tunakwenda.